Kwa nini mstari wa penseli unapotea kwenye mbao nyeusi, na mafundi wanafanyaje uonekane?

Chora mstari wa penseli kwenye mbao ya paina, hizi zinazotoka mashamba ya miti ya West Kilimanjaro, utauona hata ukiwa umesimama mlangoni. Chora huohuo kwenye mninga uliokolea, au mkongo, au kipande cha mpingo, haupo. Penseli ni ileile, sasa umeenda wapi?

Haujaenda popote, ila jicho linahitaji tofauti ya rangi ndo lione mstari. Ndani ya penseli kuna grafaiti, na rangi yake ni kijivu kilichokolea, kwa hiyo kwenye mbao nyeupe inaonekana vizuri sana na kwenye mbao nyeusi inazama tu. Wengi hapo wanaanza kukandamiza penseli, mstari unakuwa mnene, na mstari mnene una pande mbili, hujui msumeno upite upande gani. Ukikosea milimita moja kila jointi, meza yenye miguu minne haiwezi kutulia sakafuni hata ufanyeje.

Ila grafaiti ina kitu kimoja kinachokuokoa, inang'aa. Mwanga ukija umelala kutoka pembeni, mstari unaurudisha kuliko mbao, ndo maana ukipita karakana za Pasua au Majengo hapa Moshi unamkuta fundi anageuzageuza mbao huku kainama. Na mwezi wa saba ndo balaa zaidi kwa sababu lile wingu la asubuhi linaleta mwanga kutoka kila upande kwa pamoja, hakuna mng'ao wala kivuli. Siku kama hiyo washa tochi ya simu uilaze mezani kabisa imulike mbao kwa chini chini, mistari yote inajitokeza, hata michubuko ya randa utaiona.

Lakini kwa jointi zenyewe mimi naona penseli iwekwe pembeni, tumia kisu. Kisu kinakata nyuzi za mbao na kuacha kamfereji, ukuta mmoja wa hako kamfereji unaingia kivulini na ukingo wa pili unashika mwanga, yaani tofauti unayoitafuta unaitengeneza mwenyewe. Tafuta kisu kilichonolewa upande mmoja tu, ule upande bapa uegemee skwea (ile rula ya kupimia kona), hapo mstari unakaa palepale skwea ilipo. Mara ya kwanza pitisha kwa wepesi kabisa kisha rudia kwa nguvu kidogo, maana mninga nyuzi zake mara nyingi zinapishana, ukianza kwa kukandamiza kisu kinafuata nyuzi kinaiacha skwea. Faida nyingine ni kwamba patasi ukiiweka inaingia yenyewe kwenye ule mfereji, na ukikata kwa msumeno kando haibanduki vipande.

Kama bado huoni, sugua chaki nyeupe kwa kidole juu ya mstari halafu futa kwa kitambaa, juu inatoka, ya ndani ya mfereji inabaki, unapata mstari mweupe mwembamba sana. Kwenye mpingo hii inakubali vizuri sana kwa vile vitundu vyake ni vidogo mno (ingawa samani kubwa ya mpingo huioni mara nyingi, shina lake ni jembamba na limepindapinda). Mninga vitundu vyake ni vikubwa, vinaonekana kwa macho, chaki inaingia humo na ukishapiga vanishi unabaki na vidoti vyeupe, kwa hiyo chaki ipake pale patakapofichwa ndani ya jointi tu.

Sehemu itakayoonekana, tumia maskingi tepu, ile ya karatasi wanayotumia wapaka rangi wa magari. Bandika, pima juu yake, kata na kisu kwa kufuata skwea, bandua upande unaokwenda kukatwa. Sasa huhangaiki na mstari tena, una ukingo wa karatasi nyeupe juu ya mbao nyeusi na hata jioni unauona.

Kuna jambo jingine naliona la maana kuliko hata kisu, nalo ni kupunguza idadi ya vipimo. Chukua kipande chembamba cha paina, weka juu yake alama zote za mguu wa meza, jointi ya juu inaanzia wapi inaishia wapi, halafu bana miguu yote minne pamoja, uihamishie alama kwa mkupuo mmoja. Futi hutaigusa tena, na hata kukitokea kosa miguu yote itakuwa sawa. Kabla hujaifungua chora pembetatu moja kubwa inayopita kwenye miguu yote, ncha iangalie juu, ili baadaye hata ikichanganyika ujue upi ulikuwa wapi na juu ni wapi.

Pembetatu hiyo ndo kazi ya penseli nyeupe ya rangi au chaki ya fundi cherehani. Tahadhari, penseli za rangi nyingi zina nta, na vanishi haishiki vizuri kwenye nta, kwa hiyo futa kwa white spirit (ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, siyo spiriti ya kawaida), piga msasa, ndo upake.