Kadi Mbili za Grafiki kwenye Bodi Mama Moja: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kijana mmoja aliniletea kompyuta yake ikiwa na kadi mbili za GeForce GTX 970, zimeunganishwa kwa daraja lake juu, kile kiunganishi kidogo cha kuzifunga pamoja. Alijinyima miezi kadhaa kuipata ile ya pili. Kila kitu kilichomekwa sawasawa, na Windows iliziona kadi zote mbili, ila kwenye mipangilio ya draiva sehemu ya kuwasha SLI, mfumo wa NVIDIA wa kuzifanya kadi mbili zichore gemu moja pamoja, haikuwepo kabisa. Alikwisha kufuta draiva na kuiweka upya mara nne. Nikaichomoa kadi ya chini, nikamulika tochi ndani ya sloti, nikamwita aangalie. Sloti yenyewe ilikuwa ndefu sawa na ya juu, lakini vijino vya dhahabu viliishia kabla ya kufika katikati. Kutoka hapo hadi mwisho ilikuwa plastiki tupu.

Hakukosea kuunga. Kosa lilifanyika siku ya kununua bodi, na hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana naandika haya, kwa sababu maneno yanayozunguka kuhusu kadi mbili ni mengi, na mengi kati yake yanawatoa watu pesa bure.

"Bodi ina sloti mbili ndefu, basi inabeba kadi mbili"

Urefu wa sloti ni umbo tu. Kinachohesabika ni njia za PCIe, yaani njia za kupitishia data kati ya kadi na prosesa, zilizofika kwenye sloti hiyo, na njia hizo nyingi zinatoka kwenye prosesa, si kwenye bodi. Prosesa za kawaida za mezani za Intel kwa miaka mingi zimetenga njia 16 kwa ajili ya kadi ya grafiki. Ryzen nyingi za AMD za soketi ya AM4 zina 24: kati ya hizo 16 ni za grafiki, 4 za SSD, na 4 zinakwenda kwenye chipseti, ile chipu ya bodi inayohudumia USB, diski na mtandao. Kwa hiyo kadi ya pili haiji na njia zake. Inagawana na ya kwanza, nane kwa nane, na mgawo huo unawezekana tu kama mtengenezaji aliweka saketi za kuugawa.

Kama hakuziweka, sloti ya pili hupewa njia 4 za kuazima kutoka kwenye chipseti. Hapo kadi inapanga foleni moja na USB, diski na mtandao, wote wakipitia mlango mmoja kuelekea kwenye prosesa. Kwenye bodi nyingi za Intel za soketi ya LGA1151 mlango huo wote ulikuwa sawa na njia 4 za PCIe 3.0, yaani chini kidogo ya GB 4 kwa sekunde. Sasa NVIDIA walidai kila kadi ya SLI ipate angalau njia 8, wakati CrossFire, mfumo wa AMD wa kazi hiyohiyo, ilikubali hata 4. Ndiyo maana bodi nyingi ziliandikwa CrossFire kwenye boksi bila kuandikwa SLI. Bodi ya yule kijana ilikuwa mojawapo.

Jina la chipseti linakupa fununu. Kwa vizazi vingi Intel waliruhusu mgawo kwenye mfululizo wa Z, wakaunyima ule wa B na H. Kwenye AM4, X370, X470 na X570 ziliruhusiwa, B350 na B450 hazikuruhusiwa. Lakini ruhusa haimaanishi kwamba imetumika. Zipo bodi za Z za bei ya chini ambazo mtengenezaji aliokoa gharama kwa kuacha saketi hizo. Fungua kitabu cha maelezo cha bodi yenyewe kabla hujalipa. Karibu watengenezaji wote wanakiweka kwenye tovuti zao. Tafuta jedwali la sloti. Ukikuta x8/x8, yaani njia 8 kwa kila sloti, sawa. Ukikuta x16 kwa ya kwanza na x4 kwa ya pili, umeshajua. Kisha soma na maandishi madogo chini ya jedwali, maana humo ndimo utakapoambiwa kwamba ukichomeka SSD kwenye nafasi fulani ya M.2, sloti ya pili inapungua au inazimika kabisa. Nimeona watu wawili wakirudisha kadi nzima wakidhani imekufa, kumbe ni SSD iliyochukua njia.

"Njia 8 badala ya 16 ni kupoteza nusu ya nguvu"

Hapana. Gemu haitumii njia zote kila wakati. Data nyingi hupakiwa kwenye memori ya kadi na kukaa humo. Njia moja ya PCIe 3.0 hubeba karibu GB 1 kwa sekunde, ya 4.0 karibu 2, ya 5.0 karibu 4. Njia 8 za PCIe 4.0 basi ni sawa na njia 16 za 3.0, na kadi nyingi haziumii zikipewa nane. Angalizo ni kwa kadi zilizoundwa na njia chache tangu kiwandani. Radeon RX 6500 XT ya mwaka 2022 ina njia 4 tu. Ukiiweka kwenye bodi ya PCIe 3.0 inapungua nguvu hadi unaona kwa macho, hasa gemu inapojaza memori yake.

"GB 4 na GB 4 ni GB 8"

Hesabu ya dukani ni sahihi, ya ndani ya kompyuta siyo. Katika SLI na CrossFire kadi zilipokezana fremu, yaani picha moja moja za gemu, moja ikichora ya kwanza, nyingine ya pili, na kila moja ilihitaji nakala yake ya picha na maumbo yote. Ukiwa na mbili za GB 4, gemu inaona GB 4.

"Nikipata bodi yenye SLI, mengine yatajipanga"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli zamani. Kampuni ya 3dfx ilianza kuunganisha kadi mbili za Voodoo2 mwaka 1998. NVIDIA, baada ya kununua mali za kampuni hiyo, wakalirudisha jina la SLI mwaka 2004, na ATI, walionunuliwa baadaye na AMD, wakaja na CrossFire 2005. Kwa miaka kumi hivi lilikuwa jambo la maana. Kisha likaanza kufungwa kidogo kidogo. GTX 1060 ya mwaka 2016 ilitoka bila sehemu ya kuweka daraja. AMD waliacha kulitumia jina la CrossFire 2017. Katika familia ya RTX 30, ni RTX 3090 na 3090 Ti pekee zilizokuwa na kiunganishi cha NVLink, daraja jipya la NVIDIA, na NVIDIA wakatangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 hawataongeza tena profaili mpya za SLI (mipangilio ya draiva kwa kila gemu) kwa RTX 20 na za nyuma yake. RTX 4090 ilipotoka 2022, kiunganishi hakikuwepo.

Sababu si uvivu. Gemu za sasa hulainisha picha kwa kuchukua data ya fremu iliyopita na kuichanganya na hii ya sasa. Kadi zikipokezana, fremu iliyopita iko kwa mwenzake, na kuivusha kila mara kunakula faida yote. DirectX 12 ya mwaka 2015 iliwapa waundaji wa gemu uwezo wa kuzisimamia kadi wenyewe, na gemu ya Ashes of the Singularity ilionyesha GeForce na Radeon zikichora gemu moja pamoja. Kazi hiyo ni kubwa, wenye kadi mbili ni wachache, na studio nyingi hazikuifuata njia hiyo.

Kwa hiyo kama shabaha yako ni fremu nyingi kwenye gemu mpya, ushauri wangu hauna kona: weka pesa zote kwenye kadi moja. Kadi mbili za kuunganishwa zina maana kwa mwenye kadi za zamani na gemu za enzi zile.

"Basi kadi ya pili haina kazi tena"

Nayo si kweli. Kuna matumizi mapya yaliyowarudisha watu kwenye kadi mbili, nayo hayahitaji daraja, wala kadi zinazofanana, wala alama ya SLI kwenye boksi. Programu ya Lossless Scaling inaweza kuiachia kadi kubwa ichore gemu, halafu kadi ndogo itengeneze fremu za katikati. Monita unaichomeka kwenye kadi ndogo, na kwenye mipangilio ya Windows 11 unaelekeza gemu ichorwe na ile kubwa.

Hapa ndipo bodi mama inapokuwa kila kitu, maana kila fremu iliyochorwa lazima ivuke kwenda kadi ya pili. Piga hesabu. Picha ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160. Ukiipa kila nukta baiti 4, fremu moja ni kama MB 33. Fremu 100 kwa sekunde ni GB 3.3. Sloti ya njia 4 za PCIe 3.0 inabeba chini ya 4, tena ikiwa inapita kwenye chipseti inagawana na vingine. Umefika ukingoni. Monita ya 2560 kwa 1440 inahitaji karibu GB 1.5 kwa kasi hiyohiyo, na hapo sloti ile inatosha vizuri. Njia 4 za PCIe 4.0 zinakupa karibu 8, na hata 4K inapita bila kusukumana. Sloti ya njia moja ya 3.0 usiifikirie.

Wengine hutumia kadi ya pili kurekodi na kurusha gemu moja kwa moja, au kuendesha monita za ziada. Kwa kazi hizo njia 4 hazina tatizo.

"Zimeingia, basi zinatosha"

Chukua rula. Sloti za bodi zimepangwa kwa umbali wa milimita 20.32, na kadi kubwa za leo zina unene wa sloti tatu, nyingine hupita hapo. Kadi ya sloti tatu ikikaa nafasi ya kwanza, na sloti ya pili ndefu iko nafasi ya nne, kati ya migongo na feni hubaki nafasi ya unene wa karatasi chache. Feni za kadi ya juu zinavuta hewa kutoka kwenye mgongo wa moto wa kadi ya chini. Kinachofuata ni feni kupiga kelele na kadi kujipunguzia kasi. Ukiiteremsha kadi ya pili hadi nafasi ya saba, unakutana na ukingo wa chini wa bodi, mahali waya za USB na za swichi ya kasha zinapochomekwa zikiwa zimesimama wima. Kadi nene inazikalia. Bodi ya micro-ATX yenye nafasi nne tu kwa kawaida haikufai, labda kadi zote mbili ziwe nyembamba.

Umeme nao hautoki kwenye pawasaplai moja kwa moja tu. Kila kadi inaruhusiwa kunyonya hadi wati 75 kupitia sloti, kwa hiyo mbili ni wati 150 zinazopita ndani ya bodi. Bodi zilizoundwa kwa kazi hii huwa na soketi ya ziada ya umeme karibu na sloti, ichomeke. Na ukitumia waya wa kuhamishia sloti mahali pengine, kimbia ule unaochukua umeme kwenye plagi ya SATA. Plagi hiyo imepimiwa wati 54 tu kwenye volti 12, na ikizidiwa inayeyuka.

Ukimaliza kufunga, fungua programu ya GPU-Z usome mstari wa Bus Interface, unaoonyesha njia za PCIe, kwa kila kadi. Ianzishe kadi kazi kwanza, maana ikiwa imetulia hushusha kasi yenyewe na utaogopa bure. Ikionyesha x1 au x4 mahali kitabu kilipoahidi x8, zima, chomoa waya wa umeme, itoe kadi, futa vijino vyake kwa kitambaa kikavu, uirudishe hadi kishikizo cha sloti kilie.