Dawa ya malengelenge iwe ndani kabla hayajatoka

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, zaidi ya mtu 1 kati ya 5, wana malengelenge ya sehemu za siri. Hesabu inaishia 49. Mama wa miaka 58 wa Tandika hayumo, ilhali kirusi cha malengelenge hakikumtoka mwilini siku alipotimiza 50. Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake hapa Dar es Salaam, na huyo mama ndiye ninayemwandikia leo. Anakuja kliniki kwa ajili ya presha au kiuno, tunazungumza yote, na anapojitanda mtandio aondoke ndipo anasema: "Halafu mwanangu, kuna vipele vinanitoka huku chini. Vinapona, vinarudi."

Mara nyingi ameshapaka dawa za fangasi, ameshameza dawa za UTI, ameshachomwa sindano. Zote hizo hazigusi kirusi. Vipele vilipona kwa sababu muda wake ulifika, akadhani dawa imesaidia, akainunua tena.

Swali linalofuata huwa la ndoa: mzee kaniletea lini hii? Kirusi hiki kina aina mbili, na hasa cha aina ya 2, kikishaingia hupanda na mishipa ya fahamu na kujificha jirani na uti wa mgongo, chini kiunoni. Kinaweza kukaa kimya kwa miaka mingi sana. Kipimo cha damu huonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana nacho. Hakisemi lini, wala kwa nani. Inaniuma kuona nyumba ya miaka 30 inatikiswa na karatasi ya maabara iliyosomwa vibaya. Ukitaka uhakika kwamba kipele hicho ndicho chenyewe, njoo siku ya kwanza au ya pili, kikiwa bado kibichi, tuchukue majimaji yake.

Sasa dawa. Asikloviri, kwenye boksi huandikwa Aciclovir, haiui kirusi kilichojificha. Inakizuia kuzaliana kinaposhuka kuja kwenye ngozi, na ndiyo maana kuwahi ni muhimu kuliko kitu kingine chochote. Mwili hutoa taarifa: kuwashwa, kuchonyota, ganzi, au maumivu yanayoshuka takoni hadi pajani, saa kadhaa au siku moja kabla ya kipele. Wengi wanayaita baridi ya mifupa. Ukishaijua dalili yako, meza wakati huohuo, usisubiri kipele kitoke: 400 mg mara 3 kwa siku, kwa siku 5. Ukianza siku ya nne, kidonda kimeshafanya kazi yake na faida iliyobaki ni ndogo. Krimu ya kupaka, ambayo ndiyo huuzwa haraka dukani, husaidia kidogo mno, na sishauri uipotezee hela.

Kwa hiyo vidonge viwe nyumbani tayari, pamoja na maelekezo ya daktari. Kuna mama ameviweka kwenye mkoba wake wa vikoba, chini ya daftari la hisa, kwa kuwa mkoba huo hakuna mjukuu anayeufungua. Akisafiri kwenda msibani unaenda naye. Amefanya vizuri, maana baada ya siku za kulala chini na kulia ndipo wagonjwa wangu wengi husema vilirudi. Homa na msuguano wa tendo la ndoa pia hutajwa sana.

Vikirudi mara 6 au zaidi kwa mwaka, tunazungumza habari ya kumeza kila siku, 400 mg asubuhi na jioni, kisha baada ya mwaka tunaangalia kama bado unahitaji. Kwa wengi vipindi hupungua sana. Katika Ramadhani dozi hii ya mara 2 inaingia vizuri kwenye futari na daku, ila maji ya kutosha yanywewe usiku.

Nasisitiza maji kwa sababu ya figo, na hapa ndipo mama wa miaka 60 anapotofautiana na binti yake. Asikloviri hutolewa na figo. Presha na kisukari vya miaka mingi, pamoja na vidonge vya diklofenaki vya magoti vinavyonunuliwa bila cheti, huzichosha figo bila dalili yoyote. Dawa ikirundikana mwilini, mgonjwa anaweza kusinzia ovyo, kuchanganyikiwa, hata kuona vitu visivyokuwepo. Nyumbani watasema ni uzee, au watamwita mganga. Mama akianza kuongea yasiyoeleweka baada ya kuanza dawa hii, aache kumeza na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kabla ya dozi ya kila siku, pima kriatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi.

Si kila kinachowaka huko chini ni malengelenge, lakini. Hedhi ikishakoma, ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu, huchanika kidogo kidogo, na huchonyota ukienda haja ndogo. Tiba yake ni nyingine, na ipo. Shabu, ndimu, ugoro na Dettol vinaikausha na kuichubua zaidi. Nawasihi viachwe kabisa. Mafuta ya nazi hulainisha, ila huharibu kondomu. Na kondomu bado inahitajika, kwani kirusi huweza kutoka hata ngozi ikiwa safi. Vidonda vikiwa wazi, tendo la ndoa lisubiri.

Pima VVU pia, hata kama umeolewa miaka mingi. Maambukizi ya aina ya 2 huongeza hatari ya kupata VVU, na asikloviri haiondoi hatari hiyo: utafiti wa Mwanza uliochapishwa 2008, uliowapa wanawake wa baa na migahawa 400 mg mara 2 kwa siku, haukuonyesha kinga.

Kuna mama aliyekuwa ametenga beseni na kijiko chake, na ameacha kumwogesha mjukuu. Hakuna haja. Choo, vyombo na nguo havileti ugonjwa huu. Ukigusa kidonda, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa macho, kisha mbebe mtoto wako.

Kidonda kisichopona wiki 3, uvimbe mgumu, au damu baada ya hedhi kukoma, hivyo usivimezee asikloviri. Njoo tukitazame na tuchukue kipande kidogo cha nyama kikapimwe, maana saratani ya sehemu hizo huweza kuanza hivyo. Unapokuja, beba maboksi yote ya dawa unazotumia, hata zile za magoti.