Kuingia CRB si kifungo cha maisha

Mitaani Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, utasikia: "Mimi nishaingia CRB, nilipe ya nini tena?" CRB ni kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, na wengi huamini kwamba ukishaingia humo hukopi tena. Imani hii ni ya siku nyingi, na inawagharimu watu.

CRB haimpigi mtu marufuku. CRB za Kenya, yaani Metropol, TransUnion na Creditinfo, hutunza taarifa wanazoletewa na wakopeshaji, nzuri na mbaya. Anayekunyima mkopo ni benki au sacco yenyewe. Ukimaliza deni, mkopeshaji anapaswa kupeleka taarifa mpya ili akaunti isomeke imelipwa. Rekodi ya kuchelewa haifutiki siku hiyo: hubaki miaka 5, ikihesabiwa tangu ulipolipa. Yaani usipolipa, hesabu haijaanza hata kidogo, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Kabla ya kutoa hata shilingi, omba CRB ripoti yako ya mikopo. Ya bure ipo mara moja kwa mwaka. Ukikuta kimkopo cha simu cha shilingi 1,500 ulichokwisha kulipa bado kinasomeka deni, pinga, ukiwa na ujumbe wa M-Pesa kama ushahidi. Na yule anayeahidi kukusafishia jina kwa ada ndogo? Mpite tu.