Kuchonga jina kwenye fremu hakuiui baiskeli

"Usiichonge, itapasuka." Ndivyo wanavyosema wenye baiskeli wengi wakishauriwa kuandika jina au namba kwenye fremu ili ikiibwa waweze kuitambua. Halafu mtu huyohuyo anaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, apachikiwe kibao cha jina katikati ya bomba la juu kwa umeme! Tuanze na huo uoga wa kuchonga, maana umechosha.

Fremu ya chuma haipasuki kwa sababu imekwaruzwa. Huchoka. Kila shimo la barabarani na kila mkanyago wa pedeli huivuta na kuiachia, na ufa huanzia pale mkazo unapojikusanya. Mchoro unaweza kuwa mahali hapo, lakini inategemea kina chake, ukali wa sakafu yake, mwelekeo wake na sehemu ulipo. Kalamu ya umeme ya kuchongea hukwaruza ngozi ya juu tu. Mkato wa tupa ya pembetatu uliozunguka bomba kama pete ni balaa, kwa kuwa chini yake ni mkali na unakingama na mkazo, ambao hupita kwa urefu wa bomba. Mkato wa kina hichohicho ukilazwa kufuata urefu, madhara yake hupungua sana.

Kuna sehemu za kuacha kabisa: bomba la chini karibu na shingo ya fremu, mabomba ya nyuma yanapokutana na ekseli ya pedeli, na foki yote, hasa shina lake. Pa kuchonga ni chini ya kile kibomba kifupi kinachobeba ekseli ya pedeli. Ukuta wake ni takriban milimita 3, na viwanda vingi hugonga namba ya fremu papo hapo, kwa kina kuliko kalamu yoyote. Igeuze baiskeli uone. Lakini usichukue nyundo na herufi za chuma ukagonge bomba jembamba. Fremu nyepesi za kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu) huwa na mabomba yenye ukuta wa milimita 0.8 miishoni na 0.5 katikati, hapo utabonyeza bomba, na bonyeo ni baya kuliko herufi.

Ondoa rangi kwa msasa laini, sehemu ya kutosha jina tu. Andika herufi za milimita 5, pitisha kalamu mara moja bila kurudia mstari, futa kwa spiriti, paka praima na rangi siku hiyohiyo. Ukiacha chuma wazi, kutu itachimba kuliko ulivyochimba wewe.

Sasa kile kibao cha kuchomelea, ambacho hakuna anayekiogopa. Fimbo ya weldi ya milimita 2.5 kwenye bomba lenye ukuta wa milimita 1 hutoboa, au huacha mfereji kando ya mshono. Joto nalo hubadilisha chuma cha pembeni, na pale mshono unapokoma ndipo ufa hupenda kuanzia. Kifunge kwa ukanda wa bati na kipande cha tyubu chini yake, basi.

Kusaga mishono ili ionekane laini? Jiwe la grainda halijui pa kuishia. Linakula na bomba. Kutoboa mashimo ya urembo kwenye mabomba? Hapana.

Stika na rangi hazipunguzi nguvu hata chembe. Ila ile plastiki ya kiwandani ambayo watu hawataki kuibandua miaka nenda miaka rudi, pamoja na tepu za rangi zilizozungushwa fremu nzima, hufuga maji. Bandua uangalie chini yake, hasa kama unapakia magunia.

Haya yote ni ya chuma. Alumini huendelea kuchoka hata kwa mikazo midogo, kwa hiyo usiichonge popote: nakili namba ya kiwandani, piga picha, bandika stika.