Kwa nini kibarua hajioni kuwa mfanyakazi

Kwa miaka kadhaa kazi yangu hapa Mwanza imekuwa kuwashauri watu kuhusu sheria za kazi, wafanyakazi na waajiri pia, na jambo linalonishughulisha kuliko vifungu vyenyewe ni namna watu wa kipato cha chini wanavyojieleza wanapoketi mbele yangu. Mbeba mizigo aliyefanya kazi katika ghala moja tangu mwaka juzi, akifika saa moja asubuhi na kuondoka jioni kwa ruhusa ya msimamizi, huanza kwa kusema kwamba yeye hakuajiriwa, alikuwa kibarua tu. Msichana aliyelea watoto wa familia fulani hadi wakaanza shule husema alikuwa anakaa kwa watu. Kijana aliyekoroga zege la ghorofa tangu msingi hadi paa husema alikuwa anamsaidia fundi. Kabla mwajiri hajakana lolote, mdai mwenyewe amekwisha kujitoa katika kundi la watu wanaostahili kudai. Nataka kueleza imani hiyo inatoka wapi na kwa nini sheria ya Tanzania haikubaliani nayo, kwa kuwa nimeridhika kwamba haki nyingi za wafanyakazi hawa hupotea mapema sana, kabla shauri halijafunguliwa, katika dharau ambayo jamii imeilea na ambayo anayedharauliwa ameikubali.

Hoja inayotumiwa kuhalalisha dharau hiyo ni kwamba kazi za mikono hazihitaji ujuzi, kwa hiyo yeyote anaweza kuzifanya na yeyote anaweza kuondolewa. Anayeshikilia hoja hiyo hajasimama Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, wakati wingu linapotanda na dagaa wakiwa wameanikwa. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapopevuka uvuvi hupungua; kwa hiyo mapato ya mwezi mzima hutegemea usiku chache, na mzigo ukishafika nchi kavu thamani yake yote huwa mikononi mwa akina mama wanaoanika. Wao ndio wanaojua watandaze kwa unene gani, wageuze saa ngapi, wingu lipi ni la kupita na lipi lina mvua, maana dagaa walionyeshewa hubadilika rangi, huvunda, na kuishia kuuzwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Mwenye mtumbwi anaweza kupata hasara kubwa kwa kosa la saa moja la mwanikaji, lakini mwanikaji ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote katika mlolongo huo na ndiye anayeitwa mtu asiye na ujuzi.

Hali ni hiyo hiyo kwa wanaopasua kokoto kwenye miamba yetu ya graniti. Huwasha moto juu ya mwamba hadi upasuke, kisha hulisoma jiwe kabla ya kulipiga, kwa kuwa jiwe lina mwelekeo wake wa kupasuka, na anayepiga bila kuujua huchosha mkono bure. Vumbi wanalolivuta lina madini ya silika yanayoharibu mapafu polepole, na madhara yake huonekana baada ya miaka, mtu akiwa amekwisha kuacha kazi hiyo na hakuna mnunuzi wa kokoto anayemkumbuka.

Saidia fundi nimwekee maneno zaidi, kwa sababu jiji hili limejengwa kwa kichwa na mabega yake. Zege la kawaida huchanganywa kwa sehemu 1 ya saruji, sehemu 2 za mchanga na sehemu 4 za kokoto, na maji yakizidi, zege hupoteza nguvu hata kama saruji ilitosha. Mhandisi huandika vipimo hivyo kwenye karatasi, lakini anayevitekeleza kwa koleo na ndoo ni saidia fundi, naye ndiye anayejua kwa kutazama tu kwamba mchanga wa leo umelowa na maji yapunguzwe. Katika mitaa ya milimani kama Mabatini, Igogo na Bugarika kuna sehemu nyingi ambazo lori haliwezi kufika. Hushusha mzigo chini barabarani, na kutoka hapo mfuko wa saruji wa kilo 50, tofali, nondo, mchanga na maji hupandishwa na watu. Kila nyumba inayopendeza juu ya mawe ya Mwanza ilipanda mlima huo ikiwa kichwani mwa mtu, na mara nyingi aliyeipandisha ndiye aliyebishaniwa malipo yake kwa ukali kuliko watu wote waliohusika na ujenzi. Nimewaona wenye nyumba waliolipia ramani bila kuomba kupunguziwa hata shilingi, kisha wakasimama jua linazama kubishana na mbeba mchanga juu ya idadi ya ndoo.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni lumbesa. Mjadala wa lumbesa nchini kwetu ni mkubwa na wa haki: gunia linalojazwa kupita mdomo wake humpunja mkulima, na kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Viongozi wamelikemea, Wakala wa Vipimo hufanya ukaguzi, magari hukamatwa. Lakini katika kelele zote hizo nimesikia mara chache sana mtu akiuliza juu ya mgongo uliolibeba gunia hilo kutoka ghalani hadi kwenye lori. Hata kilo 100 zinazokubalika kwa biashara ni mzigo mkubwa mno kwa mwili wa binadamu mmoja: pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 kuhusu uzito wa juu linataja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima, na uzito mdogo zaidi kwa wanawake na vijana. Tumeweza kuiona hasara iliyomo ndani ya gunia, na tumeshindwa kumwona aliye chini yake.

Dharau hii haikuzaliwa na ardhi hii. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa uti wa mgongo wa misafara iliyofika pwani, na kijana aliyekwenda na kurudi na mzigo alirudi na heshima ya utu uzima. Katika Usukuma vikundi vya kulima vilifanya kazi kwa ngoma na mashindano, na ngoma ya bugobogobo, ambayo mtu anaweza kuiona hadi leo katika kituo cha Bujora pale Kisesa, huchezwa kwa majembe yanayorushwa na kudakwa. Watu hawachezei hadharani kifaa wanachokionea aibu.

Mabadiliko yalikuja na kodi ya kikoloni, iliyomlazimu mtu atafute fedha. Kisha kipande, kadi iliyotaka kukamilishwa kwa siku 30 za kazi kabla ya malipo. Kisha mashamba ya mkonge ambako mtu aliandikishwa na kutambuliwa kwa namba. Upande wa pili wa meza aliketi karani mwenye mavazi safi, na kila mzazi aliyeona tofauti hiyo alitaka mwanawe aketi upande ule. Sidhani kuna haki ya kuwalaumu wazazi hao. Lakini matokeo yake ni kwamba elimu ilianza kueleweka kuwa njia ya kuikimbia kazi ya mikono, na hivyo anayebaki nayo akahesabiwa kuwa ameshindwa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, pamoja na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka huo huo, vilijaribu kuigeuza hali hiyo kwa kutaka shule ziwe pia mahali pa kufanya kazi na kuiheshimu. Nia ilikuwa njema, lakini shuleni kazi hiyo iligeuzwa kuwa adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa hufyeka nyasi, aliyepiga kelele huchota maji, mtukutu huchimba kisiki. Baada ya miaka kadhaa ya mafunzo ya namna hiyo, mtoto yeyote mwenye akili hufikia hitimisho kwamba jembe na ndoo ni fungu la wakosaji. Nyumbani nako huelezwa kwamba asiposoma atabeba zege. Anakua, anasoma au hasomi, lakini anapomwona aliyebeba zege anamtazama kama mtu anayetumikia adhabu. Mimi huliona jambo hili la adhabu za shuleni kuwa zito kuliko hotuba zote tunazotoa kila Mei Mosi, na ningependa walimu walifikirie.

Serikali nayo ilichangia. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ililenga kumpa kila mtu mwenye uwezo kazi inayotambulika, na katika utekelezaji wake watu wengi wa mijini walikamatwa na kupelekwa vijijini kama wazururaji, ilhali wengi wao walikuwa na shughuli zilizowalisha, ila hazikuwa shughuli zenye heshima machoni pa aliyewakamata.

Sasa tuitazame sheria ya leo, ambayo kwa jambo hili iko mbele kuliko jamii yenyewe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeweka dhana inayomlinda anayefanya kazi: mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa zilizotajwa. Mambo hayo ni pamoja na kwamba namna yake ya kufanya kazi au saa zake ziko chini ya usimamizi wa mwingine. Kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwamba anamtegemea kiuchumi. Au kwamba amepewa vitendea kazi naye. Sheria haiulizi kama analipwa kwa mwezi au kwa kutwa, wala kama ana kitambulisho cha kampuni. Yule mbeba mizigo wa ghalani anatimiza zaidi ya sharti moja, na hata wiki yake moja ya kawaida inaweza kufikisha zile saa 45 zinazotakiwa kwa mwezi.

Wavuvi wa mgawo nao, kwa maoni yangu, wana hoja nzuri. Mapato yakishatolewa gharama za mafuta na chakula hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi, na kwa sababu hiyo wenye vyombo wengi huwaita wabia wao. Lakini mtumbwi, nyavu na taa ni mali ya tajiri, tajiri ndiye anayeamua waende lini na wauze wapi, na mvuvi akirudi mikono mitupu mara nyingi hubaki na deni kwake. Ubia wa namna hiyo unahitaji maelezo mengi mbele ya mwamuzi.

Kwa wapasua kokoto hali ni ngumu zaidi, na sipendi kuwapa matumaini yasiyo na msingi. Wengi wao hujipatia jiwe wenyewe na kumuuzia yeyote anayepita, kwa hiyo hakuna mwajiri wa kudaiwa. Ulinzi wao ungepaswa kutoka kwa halmashauri, katika vyama vyao na katika bei.

Wafanyakazi wa nyumbani, ambao wengi huletwa mjini kutoka Sengerema, Kwimba, Magu na Ukerewe, wamo ndani ya sheria kikamilifu. Wana kima cha chini chao: kwa anayeishi nyumbani kwa mwajiri wa kawaida kilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi katika amri ya mwaka 2013, na amri ya mwaka 2022 ikakipandisha hadi 60,000. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, na bado zipo nyumba ambazo dada hulipwa chini yake, au mshahara wake hutumwa kwa wazazi bila yeye kuulizwa, katika familia ambazo zingeona aibu kudaiwa na mwenye duka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, isipokuwa kwa yule anayemfanyia kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Mwajiri asipoweza kuyaonyesha maandishi hayo shauri linapofika, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa humwangukia yeye. Kwa hiyo kukosa mkataba wa karatasi, jambo ambalo vibarua wengi hunieleza kwa unyonge kana kwamba ni kosa lao, ni udhaifu wa upande wa mwajiri. Anayetaka kupinga kuachishwa kazi awasilishe mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na muda huo huwapita wengi wakiwa bado wanajiuliza kama wana haki ya kwenda.

Ninachowashauri wanaolipwa kwa kutwa ni kuwa na daftari dogo la kuandika tarehe, kazi na malipo, kutofuta ujumbe wa malipo ya simu, na kuwafahamu kwa majina waliofanya nao kazi, kwa kuwa hao ndio mashahidi. Waajiri nao, wakiwemo wenye nyumba wanaojenga milimani, nawashauri waandike ukurasa mmoja kwa kila saidia fundi atakayekuwapo zaidi ya siku hizo chache za mwezi: jina lake kamili, kazi yake, mahali, saa, kiwango na siku ya malipo, kisha wampe nakala yake siku ya kwanza, kabla hajapandisha ndoo yoyote.