Kulifunga Pafu Moja Wakati wa Upasuaji wa Kifua

"Daktari, pafu mkishalifunga, litaamka tena?" Mimi ni daktari wa nusukaputi, na naulizwa hivyo sana usiku wa kuamkia upasuaji, na mgonjwa ana haki ya kujibiwa vizuri.

Mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi, mashine humpumulia, na kwa kila pumzi pafu hujaa na kumzibia mpasuaji pale anapotaka kukata au kushona. Kwa hiyo tunalifunga pafu la upande unaopasuliwa, la pili linabeba kazi yote.

Kuna sababu nzito zaidi. Wapo waliopona kifua kikuu lakini kikawaachia tundu pafuni. Kuvu huota humo, wakaanza kukohoa damu. Wengine wana jipu la usaha. Mgonjwa akilazwa ubavu, pafu bovu huwa juu, na uchafu wake ukitiririkia lile lililo chini, lenye afya, anaweza kukosa hewa pale pale mezani.

Tunatumia mpira wa kupumulia wenye njia mbili: moja huishia kwenye bomba kuu la hewa, nyingine huingia kwenye tawi la pafu moja, mara nyingi la kushoto. Tawi la kushoto lina karibu sentimita 5 kabla ya kugawanyika. La kulia lina karibu 2 tu, hivyo mpira ukisogea kidogo huko unaziba mlango wa sehemu ya juu ya pafu. Puto la ncha ya ndani ya mpira, linaloziba tawi lilimokaa, kwa kawaida la buluu, hatulijazi zaidi ya mililita 3 za hewa, maana likizidi linaweza kuchana tawi. Kwa watoto wadogo tunapitisha kizibo chenye puto, kinachoziba tawi la pafu tunalolifunga.

Tunachungulia kwa kamera nyembamba kuhakikisha mpira umekaa. Tukishamgeuza ubavu tunachungulia tena, kwa sababu kugeuza huko huusogeza. Hatua hii sikubali irukwe hata siku moja.

Tukifunga hewa, pafu hunywea polepole. Mishipa yake hujibana yenyewe, damu ikaelekea pafu linalopumua. Oksijeni ikishuka hata hivyo, tunamwomba mpasuaji asubiri tulijaze kidogo lile lililofungwa.

Mwishoni tunarudisha hewa taratibu, sote tukilitazama: linafunguka kipande kwa kipande na kurudia rangi yake ya waridi. Ndiyo, huamka. Koo litauma na sauti inaweza kukwaruza siku mbili tatu. Ikizidi hapo, tuambie.