Ndege Kurushwarushwa Ikishuka Dodoma: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Usipande ndege ya mchana kwenda Dodoma, inarushwarushwa, ni hatari. Kata tiketi ya asubuhi." Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na nusu yake ni kweli: asubuhi hewa hutulia. Hatari ndiyo isiyokuwapo. Jua la kiangazi haliipashi ardhi sawasawa. Mapaa ya bati, miamba na mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa hushika joto upesi, ilhali mashamba ya zabibu yenye majani mabichi kule Hombolo hubaki na ubaridi. Hewa iliyo juu ya ardhi yenye joto hupanda, ya jirani hushuka kujaza nafasi yake. Vile visulisuli vya vumbi tunavyoviona saa nane mchana ni hewa hiyohiyo inayopanda, ila imebeba vumbi ikaonekana. Ndege iliyotulia tangu Dar es Salaam huingia kwenye hewa hiyo inaposhuka, ndiyo maana kurushwarushwa kunaanza dakika za mwisho, watu wakiwa wameshaanza kuziona nyumba. Hakuna kilichoharibika.

Wapo pia wanaoapa kwamba ndege hudondokea kwenye "shimo la hewa", mamia ya mita kwa mpigo. Angani hakuna shimo. Ndege imetoka kwenye hewa inayopanda ikaingia kwenye inayoshuka, na katika misukosuko ya kawaida kimo hubadilika kwa mita chache tu. Tumbo huhisi mwendo wa ghafla, umbali haliujui. Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilipata msukosuko mbaya sana, abiria mmoja akafariki na wengi wakaumia. Uchunguzi wa awali ulionyesha kwamba ilishuka futi 178, yaani mita 54 hivi, kwa sekunde 4.6. Ndege yenyewe ilitua Bangkok ikiwa nzima. Walioumizwa zaidi na hali kama hiyo ni wale ambao hawajafunga mikanda, kwa sababu ndege hushuka na wao hubaki juu, kisha hubamizwa chini. Kwa hiyo funga mkanda ukaze, hata kama taa yake imezimwa. Na mtoto usimfungie ndani ya mkanda wako, maana uzito wako wote utamwangukia yeye; mwombe mhudumu akuelekeze.

Bawa linalopinda juu na chini halikaribii kuvunjika. Limeundwa lipinde, na kanuni zinadai lihimili mara 1.5 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa. Boeing walipolipinda bawa la 777 makusudi hadi likatike, mwaka 1995, lilifika asilimia 154 ya mzigo huo.

Injini nazo hazizimiki. Mngurumo hupungua kwa sababu ndege inashuka, kisha hupanda na kushuka kwa sababu rubani anaushikilia mwendo dhidi ya upepo unaobadilika.

Jambo linaloniuma ni hukumu wanayopewa marubani wakitua kwa kishindo. Kwenye upepo wa mawimbi-mawimbi, rubani huongeza mwendo kidogo ili upepo ukikatika ghafla abaki na akiba. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari; hewa yake ni nyepesi, na joto la nyuzi 30 huifanya nyepesi zaidi. Kipimo cha mwendo kikisoma sawa na kingesoma pwani kwenye hewa ya kawaida, ndege inakwenda kasi zaidi kwa asilimia 10 hivi. Akitaka kutua kwa ulaini ataelea na kuila njia ya kutua. Kuyakanyagisha matairi kwa nguvu huyapa mshiko, breki zikafanya kazi mapema. Kwenye ndege za pangaboi, mngurumo mkubwa unaofuata ni mapanga yakisaidia kupunguza mwendo.

Tangu ajali ya ndege ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, iliyochukua maisha ya watu 19, ndege ikikaribia ardhi kisha ikapaa tena, kimya hutanda na wengine huanza kusali. Naielewa hofu hiyo. Lakini kupaa tena ni zoezi ambalo marubani hulirudia mara kwa mara kwenye mafunzo. Mashirika huweka kimo, mara nyingi futi 1,000 au 500, ambacho ndege ikikifikia bila mwendo na mteremko kutulia, sharti iondoke. Rubani anayepaa tena ametii kanuni.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba hali zote za hewa ni usumbufu tu. Wingu la radi, kati ya Desemba na Aprili, ni habari nyingine. Upepo unaoporomoka chini yake hutawanyika ukigonga ardhi. Ndege inayotua hukutana kwanza na upepo wa mbele, sekunde chache baadaye wa nyuma, na mwendo wake katika hewa hupotea ikiwa haina kimo cha kujiokoa. Hapo rubani hajaribu bahati. Huzunguka mbali akingoja lipite, au hurudi Dar, na binti wa kaunta anayekutangazia hivyo hastahili kufokewa.